Mtia Kalai wa Taşlıpınar

Kusugua sufuria ya shaba yenye upana wa mlango si kazi ya mikono. Mikono huchoka kabla kutu haijaanza kuchoka. Kazi hiyo ni ya miguu. Unaiweka sufuria chini, unamwaga ndani yake mchanga wa mtoni, majivu na maji kidogo, unavua viatu, unaingia, unakanyaga kipande cha ngozi ya kondoo, unashika nguzo iliyo mbele yako, kisha unajizungusha. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, nyonga zikienda huku na visigino vikienda kule, mpaka mchanga uile kutu yote ya kijani na shaba itoke nyekundu kama jeraha jipya. Hapo ndipo chombo huwa tayari kwa moto na kwa kalai, lile bati jeupe linaloifunika shaba isiwalishe watu sumu.

Anayetazama kwa mbali huona mtu anacheza ngoma. Na shida ya Döne ilianzia hapo, kwa kuwa Döne alikuwa mwanamke, na katika mji wa Taşlıpınar, vilimani juu ya Mto Kızılırmak, mwanamke hakukata nyonga mbele ya wanaume hata harusini, seuze katika mtaa wa mafundi.

Basi alicheza nyuma ya blanketi.

Blanketi lenyewe lilikuwa la manyoya ya mbuzi, jeusi, zito, linanuka mvua hata wakati wa kiangazi. Mumewe Bekir ndiye aliyelitundika kati ya karakana na chumba cha nyuma, mwaka msaidizi wake alipochukuliwa jeshini. Bekir alikuwa tayari na kifua kibovu. Watia kalai wote huishia na kifua kibovu, kwa ule moshi mweupe unaopanda pale chumvi ya kazi, ile ya kuondolea uchafu, inapogusa shaba ya moto. Alikuwa akiingia ndani ya sufuria anazunguka mara chache, kisha anainama na kukohoa kama mtu anayetaka kutapika moyo.

"Mke wangu," alisema siku moja, uso ameugeuzia ukutani, "ingia wewe."

Döne aliingia. Wazazi wake walimpa jina hilo, lenye maana ya kugeuka, ili Mungu ageuke, awape mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu. Mungu hakugeuka; aliyegeuka ni Döne, miaka mingi, ndani ya sufuria za watu. Bekir alikaa mbele karakanani, anapokea vyombo, anapokea salamu, anapaka bati, anapokea sifa. "Mungu aibariki miguu yako, fundi!" watu walimwambia, naye aliangalia chini.

Bekir alifariki majira ya baridi, akamwachia mkewe binti mdogo aitwaye Elmas, punda mmoja, mvukuto uliotobolewa na panya, na mama mkwe.

Mama mkwe, Bibi Hürmüz, alikuwa na umbo la kiriba kilichojaa na ulimi wa kunyolea. Arobaini ilipopita alikuja karakanani, akaushona mvukuto, akauketia.

"Mama, utaumwa mgongo," Döne alisema.

"Nimeumwa mgongo tangu enzi za Sultani. Washa makaa."

Tangu hapo walikuwa wawili. Masika yalipofika walimpakia punda bati, makaa na mtoto, wakapanda kwenye vijiji vya malisho ya juu kama Bekir alivyokuwa akifanya, kijiji hadi kijiji, mpaka baridi iwafukuze. Kote huko blanketi lilisafiri nao. Lilitundikwa kwenye zizi la huyu na ghala la yule, na nyuma yake Döne alizunguka.

Sasa, kabla hawajaondoka mwaka ule, serikali ya Ankara ilikuwa imeamuru kila nyumba ijitafutie jina la ukoo. Hadi wakati huo watu walitosheka na jina la mtu na la baba yake, na majina yalipogongana waliongeza kazi: Hasan wa matandiko, Hasan wa kinu, Hasan wa farasi. Popote duniani jina la kazi humganda mtu kama vumbi la kazi yenyewe. Aoge asioge halitoki. Kwa hiyo wengi hawakuumiza kichwa. Mshona matandiko ya punda akawa Semerci. Mpigilia viatu vya farasi akawa Nalbant. Mwenye kinu akawa Değirmenci, ingawa kinu chenyewe kiliungua zamani na mwenyewe sasa alifuga nyuki. Wenye kujiona walijichukulia Radi na Chuma. Kinyozi, mwoga hata wa paka wake, alijiita Aslan, yaani Simba, na kuanzia siku hiyo kila mteja aliyeketi kitini pake alimngurumia kwanza ndipo anyolewe.

Sharti lilikuwa moja: katika mji mmoja nyumba mbili zisizo na undugu zisiwe na jina moja. Aliyetangulia ndiye aliyepata.

Döne hakuwa na haraka. "Sisi ni Kalaycı," alisema. "Watia kalai. Nani atabishana?" Alilichukulia jina hilo kama mlango wa nyumba yake, hata akiuacha wazi msimu mzima, nani angeingia?

Waliporudi kutoka milimani, majani ya mipopla yamekuwa ya njano, Döne alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mtaa, Rıfat, aliyekuwa na duka la sukari na mafuta ya taa. Hürmüz alimfuata nyuma, kama kawaida, bila kualikwa.

"Karibuni, karibuni," Rıfat alisema. "Ila msiniite tena bwana mkubwa. Vyeo vimekatazwa."

"Hatujawahi kukuita," alisema Hürmüz.

"Tumekuja kwa ajili ya jina," alisema Döne. "Kalaycı."

Rıfat alianza kupanga upya mabonge ya sukari ambayo hayakuhitaji kupangwa. "Jina hilo, dada Döne, limekwenda."

"Limekwenda wapi, lina miguu?" aliuliza Hürmüz.

"Amelichukua Nazmi."

"Nazmi yupi? Nazmi muuza sufuria?"

"Babu yake alikuwa mtia kalai."

"Na babu yangu mimi alikuwa na ndevu! Niitwe Ndevu?"

"Kwa kweli, bibi, ungependeza," alisema Rıfat, kisha akajuta kwa jinsi alivyotazamwa. "Sikilizeni. Sikuwatupa. Nimewawekea jina zuri, la heshima, linalofaa nyumba ya wajane. Sessiz. Mkimya."

Hürmüz alishika kiuno kwa mikono miwili.

"Mimi?" alisema Hürmüz. "Mimi, Mkimya? Mimi niliyemfukuza mkusanya kodi mpaka darajani kwa mdomo peke yake? We Rıfat, mama yako alinisikia nikijifungua akiwa kijiji cha pili, unaniita Mkimya?"

Alikuwa bado anaendelea Döne alipouliza, taratibu: "Nikikubali, watu wa milimani wakishuka na vyombo vyao watamuulizia nani?"

Jibu lilikuwa wazi. Mteja wa milimani hajui mtaa wala mlango. Anajua kazi anayoihitaji. Atasimama sokoni na nyumbu wake aseme, nipelekeni kwa Kalaycı, naye atapelekwa kwa mwenye jina. Na nyumba ya akina Mkimya itakaa kimya kweli.

Nazmi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkasirisha Döne zaidi. Angekuwa mwizi, angemtukana na kulala vizuri. Lakini Nazmi alikuwa rafiki wa Bekir. Alilibeba jeneza lake. Döne alimkuta amekaa mbele ya duka lake, katikati ya sufuria mpya, naye akamwagizia chai mara moja.

"Shemeji, najua limekuuma," alisema. "Lakini babu yangu alikufa kwa moshi uleule uliomuua Bekir. Baba yangu alikimbilia biashara, mimi nikazaliwa nauza. Nimelichukua jina kwa ajili ya yule mzee. Hilo ni kosa?"

"Si kosa. Umelichukua, lifanyie kazi."

"Kazi ataifanya fundi kutoka mji mkubwa, nimeshamwita. Na wewe ukitaka, nafasi ipo. Utafanya hapa kwangu. Nyuma, kimya kimya, kama ulivyozoea."

Döne aliacha kunywa. "Kama nilivyozoea?"

Nazmi aliona haya, lakini alikuwa ameshaanza. "Shemeji, mtaa mzima ulijua. Tulikuwa tunamwona Bekir amekaa mbele anavuta sigara, na sufuria nyuma inalia kwaruu, kwaruu. Nani alikuwa anazunguka, jini? Hatukusema, kwa heshima yako. Lakini jina la kazi ni la mtu anayeonekana akiifanya. Wewe nani amewahi kukuona?"

Döne aliweka kikombe chini. Alirudi nyumbani, na njiani hakusikia hata salamu za watu. Neno lilikuwa limemwingia kwa sababu halikuwa la uongo. Miaka yote ile blanketi lilimsitiri, naye alishukuru. Hakufikiria kwamba kinachokusitiri kinaweza pia kukufuta.

Karakanani Hürmüz alikuwa anapuliza makaa kwa ajili ya masufuria mawili ya jirani.

"Mama, zima moto."

"Nizime? Sasa hivi umeshika vizuri."

"Uzime. Hatutii kalai tena mpaka jina lirudi. Mtu akija, mwelekeze kwa Kalaycı."

Hürmüz alimtazama mkwewe. Kisha alichukua birika la maji, akayamwagia makaa, na moshi ulipopanda alikuwa anatabasamu kwa meno yake yote manne.

Tangu siku hiyo bibi alihamishia kigoda chake kwenye pembe ya mtaa, mahali kila mtu wa milimani alipopita. Mzee akija na punda amebeba vyombo vyeusi kama dhambi, akiulizia wapi kwa mtia kalai, Hürmüz alisimama kwa adabu yote ya dunia.

"Kalaycı? Mlango ule wenye sufuria mpya, mwanangu. Bwana mkubwa Nazmi. Usiondoke mpaka avipokee. Ana haya, atakwambia hawezi, usimwamini."

Nazmi alipokea. Angekataaje, na jina lake lilikuwa limeshatangazwa? Alipokea masufuria, masinia, mabirika, mabakuli ya kuoshea maiti, mpaka bidhaa zake mpya zikazikwa chini ya vyombo vya watu. Fundi wa mji mkubwa alifika kwa treni na gari la farasi, akakaa siku mbili, akalitazama lile rundo likiongezeka mbele yake, akaaga kwamba anakwenda kununua tumbaku. Hawakumwona tena.

Nyumbani kwa Döne walikula bulguri ya ngano na turnipu, kesho yake turnipu na bulguri. Elmas aliuliza kama wamefunga saumu. Punda alikonda. Majirani walimshauri Döne kwa mafumbo, kisha bila mafumbo.

"Jina halijazi tumbo," mke wa Nalbant alimwambia kisimani.

"Tumbo likijaa leo bila jina, mwakani litajazwa na nani?" Döne alijibu, akajitwika ndoo zake.

Usiku hakulala vizuri, ukweli usemwe. Lakini moto haukuwashwa.

Jambo liliiva kwa sababu ya harusi. Mtoto wa Rıfat alikuwa anaoa, na Taşlıpınar hakuna harusi bila keşkek, bokoboko la ngano na nyama linalopondwa na vijana wanne kwa nyundo za mti, na hakuna keşkek bila sufuria kuu ya msikiti, ambayo mtu mzima angeweza kuogea humo. Sufuria hiyo hutiwa kalai siku moja kabla ya harusi, hadharani, katika uwanja wa kisima, ngoma na zumari vikimpigia fundi. Kazi ikiisha, mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi huinama pamoja wajione nyuso zao mle ndani. Wakijiona vizuri, ndoa ina mwanga. Kisha mpiga ngoma hulitaja jina la fundi kwa sauti, mji mzima usikie. Bekir katika uhai wake, kifua chake kilipoharibika, aliifanya kazi hiyo kwa hila: uwanjani alipaka bati tu, usuguaji ulishafanyika nyuma ya blanketi alfajiri.

Rıfat alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Dada Döne, nakuomba. Isugue huko nyuma kwako, sisi tutaibeba. Nazmi atapaka bati uwanjani, mambo yaishe. Ni harusi ya mwanangu."

"Sisi ni akina Mkimya," alisema Hürmüz kutoka kwenye kigoda. "Hatusemi. Hatusikii pia."

"Mama, ngoja," alisema Döne. Alikuwa ameshalifikiria jambo hili mpaka likalainika. "Nitaisugua. Lakini uwanjani, mchana, watu wakiona. Na anayeitwa Kalaycı atangulie kuingia. Akiimaliza, jina ni lake, nami nitaitwa Mkimya na mdomo nitaufunga. Akishindwa, naingia mimi."

Rıfat alishusha sauti. "Wanaume watakuwepo. Mwalimu wa msikiti atakuwepo. Utazunguka mbele yao? Na heshima yako?"

"Heshima yangu imo ndani ya sufuria mnazopikia. Hamjawahi kuumwa tumbo. Mnadhani ni kwa bahati?"

Siku ile jua lilitoka kali kwa majira yale. Sufuria kuu ilizamishwa hadi nusu kwenye shimo, mchanga ukamwagwa, nguzo ikasimikwa mbele. Mji ulikuja wote, hata wale waliosema hawatakuja.

Nazmi alikuja amevaa soksi nyeupe. Alizivua, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya viatu vyake. Hakuwa anafanya mzaha. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kumzuru babu yake kaburini. Ngoma ilianza. Alizunguka kushoto, akazunguka kulia, na watu wakampigia makofi kwa moyo safi. Mara ya tano miguu ilikwenda pamoja na nyonga badala ya kupingana nazo, mchanga ukamteleza, akaketi ndani ya sufuria kama mtoto anayeogeshwa. Kicheko kilirusha njiwa kutoka kwenye mnara.

Aliinuka. Alianza tena. Akaanguka tena, safari hii kwa kiwiko. Kipande alichokisugua kilikuwa na ukubwa wa sahani.

"Babu alikuwa anafanyaje?" alisema akihema, na hakumwuliza mtu mwingine ila Döne.

"Alijiegemeza kwenye nguzo. Wewe unaisalimia tu."

Alijaribu hivyo. Alikwenda mbali zaidi, kweli, mpaka magoti yalipokataa. Akatoka, mchanga umemganda hadi mapajani, akasogea pembeni.

Döne alivua viatu. Alichukua shali ya marehemu mumewe, akajifunga kibwebwe kiunoni, akakikaza mpaka pumzi ikapata mahali pa kusimama. Alipoingiza mguu wa kwanza ndani ya sufuria, mwalimu wa msikiti alijigeuza taratibu akaukabili ukuta wa kisima, na wazee wachache wakamfuata. Wengine walibaki wanamkodolea. Ngoma ilinyamaza. Mpiga ngoma hakujua kama inafaa.

"Piga wewe!" alifoka Hürmüz. "Ngoma haina mume!"

Ngoma ikalia. Döne akashika nguzo, akazunguka.

Mwanzoni hakusikia chochote ila damu masikioni. Hakuwa na blanketi. Upepo ulimpiga visigino, na macho ya watu yalikuwa na uzito kuliko upepo. Kushoto, kulia. Shaba chini ya nyayo zake ilianza kuimba ile kwaruu aliyoijua kuliko sauti ya mama yake.

"Eh, harusi imeanza mapema!" sauti ilipaa kutoka nyuma, na kicheko cha aina nyingine kikatambaa uwanjani.

Döne alisimama. Angeweza kutoka wakati ule. Viatu vilikuwa hatua moja tu. Alifuta jasho kwa mkono wa nguo.

"Nani amesema?"

Watu walijisogeza kidogo, na kinyozi akabaki peke yake kama jino la mwisho.

"Ahaa, Simba!" alisema Döne. "Njoo uningurumie humu ndani. Nafasi ipo."

Uwanja ulipasuka. Hata migongo iliyokuwa imekabili ukuta ilitikisika. Kinyozi alijikuna shingo akaangalia mawinguni, na mtu mmoja akanguruma, na wa pili, mpaka ngoma ikabidi ipigwe kwa nguvu ili isikike. Döne alikuwa ameshaanza kuzunguka. Safari hii hakuona macho ya mtu. Aliiona kutu tu, alivyozoea kuiona, ikirudi nyuma mbele ya miguu yake, ukingo hadi ukingo, mpaka sufuria nzima ikawa nyekundu.

Yaliyobaki hayakuwa na kelele. Vijana waliipandisha sufuria juu ya makaa, Hürmüz akauketia mvukuto wake, na moto ukanguruma kuliko kinyozi. Döne alirusha chumvi ya kazi, moshi mweupe ukapanda, akaupa kisogo kama Bekir alivyomfundisha na mwenyewe hakufanya. Akagusisha kipande cha bati. Kiliyeyuka kikawa tone, na tone lile akalifukuza kwa bonge la pamba, kwa duara, haraka, kabla shaba haijapoa, na weupe ulienea nyuma ya mkono wake mithili ya maziwa yanayomwagika.

Akina mama wawili waliinama. Walikaa wameinama.

"Mimi nimezeeka hivi?" alisema mama wa bibi harusi.

"Ni sufuria tu, dada," alisema mama wa bwana harusi. "Haijui kusema uongo."

Ikawa zamu ya mpiga ngoma. Alipiga pigo la kutangazia, akavuta pumzi, "Ametia kalai fundi...", akakwama. Alimtazama Rıfat. Rıfat alimtazama Nazmi. Mji mzima ukamtazama Nazmi, amesimama pekupeku na soksi zake mkononi.

"Mnaniangalia nini?" alisema Nazmi. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alikunja soksi, akazikunjua. "Babu yangu angeona leo angenichapa. Mimi nauza sufuria. Kazan ni sufuria. Nipeni Kazancı, muuza masufuria. Tena ni jina zito zaidi." Akafikiri kidogo. "Na linauzika."

"Muda wa kubadili bado upo," alisema Rıfat haraka, kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya karamu.

"Lakini shemeji," Nazmi aliongeza, "yale mavyombo dukani kwangu..."

"Yalete," alisema Döne.

Mpiga ngoma hakungoja zaidi. "Ametia kalai fundi Döne Kalaycı!" alipaza, na zumari likadaka.

Döne alifanya kazi hiyo mpaka mvi zikamjaa na visigino vyake vikawa vigumu kama kwato, na katika harusi zote zilizofuata wapo waliogeukia ukuta na wapo wasiogeuka, hakuwa akiwahesabu. Elmas alikuwa na jina hilo shuleni, na mtoto mwenzake alipomcheka kwamba ni jina la masizi, alimwonyesha mwenzake uso wake mwenyewe kwenye bakuli la chakula.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi iliyofuata harusi, wakati mkokoteni wa kwanza wa Nazmi ulipokuwa unashusha masufuria mlangoni, Döne alipanda kwenye kigoda akalitungua blanketi. Vumbi lilimwagika, na mwanga ukaingia chumba cha nyuma. Alilikung'uta, akalitoa nje, akamfunika nalo punda, ambaye baada ya wiki zile za turnipu mbavu zake zilikuwa zinahesabika.

Hürmüz alitazama yote hayo kutoka kwenye mvukuto.

"Lile jina la Rıfat limebaki bure," alisema. "Mkimya. Nani atalichukua?"

"Mpe punda."

Punda, kama aliyeulizwa, aliinua kichwa chini ya blanketi lake jipya akalia kwa sauti iliyofika hadi msikitini.

"Basi, Mkimya," alisema Hürmüz, "tumekusikia." Na akaanza kupuliza makaa.